Inhela ya Wakhisi

Hapa mtaani Obunga nauza kahawa ya birika, mkabala na akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki minofu ikishaenda kiwandani. Benchi langu ni moja na lina wenyewe. Mzee Ouma tunamwita Spika, kwa sababu mtu haongei mpaka amruhusu. Kiragu, muuza spea za baiskeli, ni Waranti. Kila neno lake analitolea dhamana. Okello wa bodaboda ni Sayansi, maana aliwahi kubeba katoni za duka la dawa mwezi mzima. Wa nne ni Wakhisi, fundi wa kuchomelea mageti. Jumanne asubuhi alikuja kifua kikipiga mluzi, akaweka kidude cha bluu kwenye benchi.

— Nimetoka kliniki, akasema. Wanasema ni asthma. Kifua ikibana, nivute hii inhela.

— Umevuta? Spika akauliza.

— Bado, Mzee. Nilitaka kwanza nisikie nyinyi.

Hapo ndipo alipokosea.

— Usiguse hiyo kitu, Waranti akasema. Ukivuta mara moja, umeoa. Utavuta mpaka siku ya kuzikwa. Hiyo nakupa waranti.

— Omera, ndugu yangu, afadhali kuoa, Sayansi akasema. Mle ndani ni gesi ya friji. Mimi nimebeba, najua. Sasa mapafu ikiganda, utayeyusha na nini?

— Haba na haba hujaza kibaba, Spika akasema. Leo gesi kidogo, kesho kidogo, mwisho kifua inakuwa mtungi. Na wewe kazi yako ni moto. Cheche moja tu.

Kila mtu akamwona kichwani mwake Wakhisi akipaa juu ya mabati ya Obunga.

— Dawa ya kifua inajulikana, Waranti akaendelea. Unalala na mbwa mdogo. Kufika asubuhi, ugonjwa imehamia kwa mbwa.

— Na huyo mbwa? nikauliza.

— Mwenda pole hajikwai. Atapona polepole.

— Mbwa ilikuwa ya zamani, Sayansi akasema. Siku hizi ni maini ya kenge. Kuna jamaa wa Pap Onditi alikula, akaogelea ziwani kutoka Dunga mpaka Homa Bay bila kupumua.

— Bila kupumua kabisa? Spika akauliza.

— Alipumua alipofika.

Mimi nami sikubaki nyuma. Nilimtilia Wakhisi tangawizi kwenye kahawa nikamwambia itamfungua. Upepo ukageuka, moshi wa mafuta ya samaki ukatujia benchini, nasi tukabishana kama kenge huliwa mbichi au wa kuchemsha.

Karibu nasi alisimama mama mmoja mgeni, ambaye baadaye tulijua anaitwa Nakhungu, aliyekuja na karai kununua mgongo wazi. Alikuwa akisubiri samaki wake, kikombe changu mkononi.

— Samahani, wazee, akasema. Huyu mwenye dawa, yeye anasema nini?

Tukageuka. Wakhisi hakuwa akisema kitu. Alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, jasho likimtiririka. Alifungua mdomo, likatoka nusu neno. Hakuna aliyejua alikuwa amenyamaza tangu saa ngapi.

Nakhungu aliweka karai chini. Akachukua inhela, akatoa kifuniko, akaitikisa.

— Baba, toa pumzi yote. Weka mdomoni, ubane na midomo. Nikibonyeza, vuta polepole. Sasa shikilia, nahesabu.

Akahesabu mpaka kumi. Spika naye akahesabu, bila sauti. Wakangoja kidogo, wakarudia, kisha wakarudia tena. Sayansi alikuwa ameshawasha pikipiki. Mluzi ulipungua, mabega yakatulia, na Wakhisi akapata sentensi nzima.

— Nilidhani nakufa nikisikiliza habari ya kenge.

— Hii inafungua njia ya hewa, Nakhungu akasema. Msichana wangu anatembea nayo kwa mfuko wa shule. Lakini rudi kliniki saa hii wakuangalie. Kifua ikibana hivi, haingojwi.

Sayansi akampakia, akaondoka naye taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha. Waranti alisogea kando, akampigia dadake anayekaa Migosi. Simu yake husikika mpaka barabarani.

— Wangu, ile inhela nilikuambia utupe. Ulitupa?

— Kiragu, ningekuwa nakusikiliza, ungekuwa ushanizika.

Tukacheka, yeye wa kwanza, akijifuta macho. Nakhungu alicheka pia. Akajitwisha karai lake, akauliza kama anayeuliza bei ya samaki:

— Na wale wengine mliowaambia?

Waranti aliendelea kuishika simu. Mzee Ouma, Spika wetu, alipapasa mifuko yake akatoa miwani, kisha simu yake, akaanza kushuka majina ya simuni moja moja, akitafuta wa kuwapigia.