Huqa Galgalo na Miwani Isiyoficha Macho

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Huqa Galgalo alistaafu baada ya kuitumikia Kliniki ya Macho ya Nuru, hapa mjini Isiolo, kwa miaka thelathini na mmoja. Alifika kutoka Merti juu ya lori la mizigo, karani mpya wa mapokezi mwenye vumbi hadi kwenye kope. Ameondoka akiwa fundi miwani ambaye, kwa makadirio yangu, amezikagua pua za nusu ya mji.

Pua si mzaha. Mzee Huqa alishikilia kwamba miwani huanzia puani, na kwamba miwani inayoteleza ni mapambo tu. Alikaa mapokezi muda mfupi, akapelekwa Nairobi kujifunza kukata lenzi na kurekebisha fremu, kisha akarudi kuchukua ile kona ya dirishani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kugusa bisibisi zake. Mimi niliyerithi dawati lake la mapokezi niliwahi kuazima moja kukazia kitasa, na habari hiyo nimekuwa nikiisikia hadi wiki iliyopita.

Alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Hakuweza kupita mbele ya mtu aliyevaa miwani ya jua bila kuiomba, kuigeuzageuza na kuitolea hukumu. Kwenye harusi ya Sadiya, mwenzetu wa maabara, alimvua bwana harusi miwani yake kabla ya picha ya kwanza. Alimweleza, wageni wakisikiliza, kwamba weusi wa kioo ni rangi tu. Nyuma ya kioo cheusi mboni hupanuka kama ilivyo gizani, na ikiwa kioo hicho hakikingi ile miale ya jua isiyoonekana, miale hiyo huingia kwa wingi zaidi. Bwana harusi alipigwa picha akiwa amekunja uso. Jumatatu alikuja kliniki kununua nyingine.

Wanamichezo ndio walioipata hukumu hiyo ikiwa moto moto. Luke, refa wa ligi ya mtaa, alitaka miwani pana ya kung'aa aliyoiona kwa mwendesha baiskeli fulani kwenye simu. Mzee Huqa alimpa aijaribu, akamwambia ainame, atikise kichwa, halafu aruke. Luke aliruka, miwani ikatua mlangoni kwa jirani. Akaondoka na nyepesi zaidi, yenye mpira puani na masikioni, lenzi yake ya plastiki ngumu isiyopasuka vipande mtu akipigwa na mpira, na rangi ya kahawia inayosaidia kuyaona mashimo ya uwanja. Luke bado hukosea kwenye kuotea, lakini hapo miwani haihusiki. Racho, kocha wa wasichana wa voliboli, aliambiwa ahakikishe miwani haigusi mashavu ili hewa ipite na isifanye ukungu. Waendesha boda boda aliwauzia nyeusi kwa sharti moja: jua likitua, ivuliwe.

Lakini aliyembadilisha Mzee Huqa hakuwa mwanamichezo. Alikuwa Kalicha, dalali wa mifugo katika mnada wa Oldonyiro.

Kalicha ana jicho moja. La kulia lilichomwa na mwiba akiwa bado anachunga. La kushoto, baada ya miaka mingi ya jua, upepo na vumbi, liliota kinyama kikaanza kutambaa kuelekea mboni. Daktari Jemimah alikiondoa, akamwonya kwamba kinaweza kurudi, na kikiifikia mboni atakuwa kipofu. Alitakiwa avae miwani ya jua kila anapokuwa nje, bila udhuru. Mzee Huqa akamchagulia nyeusi kuliko zote tulizokuwa nazo, yenye kinga kamili, na nakumbuka alivyoridhika nayo.

Baada ya miezi michache Kalicha alirudi jicho likiwa jekundu, kinyama kikichungulia tena pembeni. Miwani ilikuwa mfukoni, mpya kama iliyotoka kwenye boksi siku hiyo. Mzee Huqa alimgombeza hadi wagonjwa wa foleni wakageuka. Kalicha aliinamisha kichwa, akaahidi. Akaja tena, jicho vilevile, miwani vilevile. Wote tulikubaliana kwamba ni mkaidi, na fundi wetu ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi.

Gari la kliniki lilipokwenda Oldonyiro kupima watu macho, Mzee Huqa aliomba nafasi. Daktari alipoanza kazi, yeye alijipenyeza mnadani. Wanaopajua huko wanaelewa kwamba bei haitamkwi. Dalali na mwenye mnyama hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyotaja bei. Waliosimama karibu hawasikii kitu. Mdomo umefungwa, mkono umefunikwa, kwa hiyo kinachobaki cha kumsoma mwenzako ni macho yake.

Kalicha alimwona fundi wake akija, akavaa miwani upesi. Papo hapo mchungaji aliyekuwa naye, Kulmiye, akautoa mkono wake chini ya shuka. Mzee Huqa alimwuliza kwa nini. Kulmiye alijibu bila ubaya wowote.

“Sijui huyu anaangalia ndume yangu ama ananiangalia mimi. Vidole vyake nasikia, macho yake sioni. Sasa nitaamini nini?”

Ndume ikauzwa kwa dalali mwingine. Kalicha alivua miwani, akaipangusa vumbi kwa pindo la shuka, akaishika tu mkononi.

“Huqa ndugu yangu, nikivaa hii sina kazi. Nikivua, sina jicho. Wewe niambie nichague gani.”

 Asubuhi iliyofuata Mzee Huqa alikuwa kwenye kona yake kabla mimi sijawafungulia wagonjwa mlango. Alikata lenzi za kahawia hafifu, rangi ya chai iliyoongezwa maji, lakini zenye kinga ileile kamili dhidi ya miale. Akaziweka kwenye fremu pana inayokumbatia uso ili vumbi na jua la pembeni visipate njia. Juu yake akaagiza kofia yenye ukingo mpana.

Kalicha alipoitwa aliiinua miwani kuelekea dirishani, akacheka. Akasema hiyo ni ya mtu wa ofisi, jua la Oldonyiro litaipita kama mlango wazi. Hapo Mzee Huqa akakumbuka kitu ambacho dalali hatembei bila: taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Akaiomba, pamoja na noti moja. Taa ilipomulika, alama ya noti iliwaka. Akaweka katikati kioo cheusi cha miwani rahisi ya kuuzwa barabarani; alama ikafifia kidogo, lakini iliendelea kuwaka. Akaweka kile cha rangi ya chai alichokidharau Kalicha, na alama ikazimika kabisa. Taa ile humulika aina ya miale ile ile inayodhuru macho, na dalali alikuwa ameona kwa taa yake mwenyewe. Hata hivyo alirudia kwa noti nyingine, pengine ile ya kwanza ilikuwa imekula njama na fundi.

Siku ya mnada aliivaa. Kulmiye alimsogelea, akamtazama usoni kwa muda, akaingiza mkono chini ya shuka. Hiyo ni miaka saba sasa. Kinyama hakijarudi, na madalali wengine wawili watatu wamekuja kutaka “miwani ya Kalicha”. Tangu hapo Mzee Huqa hakumwuliza tena mteja anapenda ipi. Alimwuliza ataivaa wapi, akifanya nini, na nani atakuwa mbele yake. Maswali hayo ndiyo aliyomwachia Umulkheir, aliyemfundisha kazi na ambaye sasa ameikalia ile kona. Bisibisi alimwachia pia, kwa shingo upande.

Anakwenda Rapsu, kulima vitunguu na nyanya pamoja na kaka yake. Na hapo ndipo tulipogundua jambo la aibu: katika miaka yote hiyo, mtu huyu aliyetuvalisha sote miwani ya jua hakuwahi kuwa na yake. Aliingia kazini jua halijawa kali, akatoka limepoa. Sasa atashinda nalo shambani. Ikabidi sisi tumchagulie fundi miwani, na nawaambia ukweli, tuligombana. Wengine walitaka ya bei na jina kubwa. Umulkheir akatukalisha na maswali yake. Atakuwa Rapsu, atainama na kutoka jasho, na mbele yake watakuwa ndugu na majirani wa kusalimiana nao kutwa. Basi ikawa nyepesi, pana, yenye mpira puani, na lenzi ya chai iliyoongezwa maji.

Siku ya kumuaga, Kalicha alikuja kutoka Oldonyiro. Kabla zawadi haijatolewa aliidai, akatoa taa na noti, akaipima mbele ya wageni wote. Alama ilizimika. Akaridhika, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Mzee Huqa aliivaa, akainama, akatikisa kichwa. Tulimsihi asiruke.

Kisha Kalicha akasogea, akafunika mikono yao wawili kwa pindo la shuka, kama mnadani. Vidole vilisema nini, hakuna anayejua. Nimewauliza wote wawili, wamekataa. Ninachojua ni kwamba Kalicha alimtazama kwa lile jicho lake moja, zima, safi, na kwa kuwa miwani ya Mzee Huqa haifichi macho, ukumbi mzima ulimwona akilia.

Asante, Mzee Huqa, kwa niaba ya wenzako na ya macho yote yaliyopita mikononi mwako. Vitunguu vistawi, mwili uwe na afya, na Mungu akupe miaka mingi ya raha huko Rapsu. Miwani ukiwa nje, bila udhuru.

Ephantus Kiugu, Mapokezi