Mbao Zilizobaki za Jeneza

Wanachama wenzangu, nawasalimu kwa jina la yule aliyetuamsha sote asubuhi ya leo. Mwenyekiti ameniambia niwe mfupi. Nitajaribu, lakini nanyi mniambie, mtu anafupisha vipi jambo kama hili?

Wengine wakisimama hapa mbele hutuambia walivyoanguka katika dhambi. Mimi nilianguka shimoni. Tena shimo lenyewe lilikuwa kaburi.

Cheka tu, ndugu yangu. Siku ile hakuna aliyecheka.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha, huko Tongaren. Jirani yetu mmoja, mzee wa watu, alikuwa amefariki, na mwili ulikuwa mochari Kitale. Fundi alikuwa amemaliza jeneza palepale nyumbani, likapakiwa kwenye pikapu iende imlete mwenyewe. Sisi vijana tulikuwa tunachimba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo ukawa kama uji.

Tulipofika chini kabisa nikasema nipande, mwenzangu naye aingie. Tulikuwa tumekata vidaraja ukutani vya kukanyagia. Nikaweka mguu wa kulia kwenye kimoja, nikajivuta, ukuta ukameguka. Nikarudi chini mzima mzima, na mguu umenaswa umepinda. Nilisikia ukivunjika. Wa juu pia walisikia.

Nikatazama chini. Ndugu zangu, nawaambia, goti langu lilikuwa linaangalia mbele na gambuti langu la mpira linaangalia kando.

Nikalia, "Nitoeni!" Mwenzangu akaruka ndani, akashika gambuti avute. Nilimpiga ngumi, Mungu anisamehe. Fundi akamrushia kisu, naye akalipasua kutoka juu mpaka chini. Upande wa ndani wa kifundo mfupa ulikuwa umesukuma ngozi mpaka ikawa nyeupe, inang'aa, inataka kupasuka. Na vidole vilikuwa rangi ya majivu.

Ile wanainama wanitoe, mzee mmoja wa boma lile akasema, "Wacheni!"

Wote wakawacha.

Akasema, "Kaburi limemshika mtu kabla ya mwenyewe kuingia. Akitoka hivi hivi, litatafuta mwingine. Leteni kondoo wa kulitakasa kwanza."

Msimcheke huyo mzee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopea watoto wa boma lake, na hata mimi nikiwa kule chini nilimwamini nusu. Mtu akatumwa kutafuta kondoo. Lakini kondoo wa kununua siku ya matope anatoka wapi? Tukangoja. Maji yalikuwa yananiingia suruali. Mara ya kwanza vidole viliuma sana, baadaye vikauma kidogo, kisha havikuuma tena. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Kazi yangu ilikuwa kulima na ng'ombe, shamba langu na mashamba ya watu, kutwa nzima nyuma ya plau. Nilijiuliza, bila mguu nitakuwa mtu gani? Bibi yangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Nikaita tena. Watu waliangalia pembeni, ati hawasikii.

Basi mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mjane. Mnajua mjane hatoki hivyo, anakaa ndani na kina mama mpaka bwana yake afike. Huyu alitoka peku peku, akatembea mpaka ukingoni, akainama.

"Nani huyo yuko ndani ya nyumba ya bwana yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Unaskia vidole?"

"Siskii, mama."

Akawageukia vijana. Kisha akasema, "Mtoeni."

Yule mzee akamwambia kwa upole, "Mama, rudi ndani. Kondoo anakuja."

"Hili kaburi ni la nani, mzee?"

"Si ni la bwana yako."

"Basi bwana yangu hana haraka tena. Yeye atangoja. Huyu mtoto mguu wake unakufa na mimi naona."

"Kukitokea neno katika boma hili, tutakuuliza wewe."

"Mniulize."

Wakanitoa. Akachukua mwenyewe mbao zilizobaki za jeneza, mbili, akamwambia fundi azifunge huku na huku kama mguu ulivyo, asiunyooshe. Akararua leso yake ikawa kamba. Kisha wakanilaza kwenye pikapu kando ya jeneza, maana gari lilikuwa hilo moja tu.

Njiani watu walituona wakavua kofia. Mimi nilikuwa nimelala macho wazi, nawaona. Mama mmoja karibu na Kibomet alisimama na debe lake kichwani, nikainua mkono kumsalimu. Debe lilianguka, bana! Lakini kila gari likiruka nilikuwa nashika jeneza nisilie, na nashika vidole vyangu, na vilikuwa baridi kama vya mtu mwingine.

Hospitalini nilifikiri nitaambiwa nipigwe picha kwanza. Daktari aligusa juu ya mguu akitafuta kama damu inapita. Akatafuta tena. Akasema, "Tukingoja eksirei hii ngozi itakufa. Kifundo kimetoka mahali pake, na kinarudi sasa hivi." Nikadungwa sindano. Nesi akanikunja goti, akashika paja kwa nguvu. Daktari akashika kisigino, akavuta, akageuza. Nilisikia kitu kikiingia mahali pake. Nililia jina la mama yangu.

Halafu, ndugu zangu, vidole vikaanza kuchoma kama nimekanyaga upupu. Nikaangalia, vinarudi rangi. Nesi akauliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa, asante Yesu!

Wakaweka plasta ngumu nyuma ya mguu, wakaniinulia mguu juu ya mito, ndipo picha ikapigwa. Mfupa ulikuwa umevunjika pande zote mbili. Uvimbe uliposhuka nikapasuliwa, nikafungwa chuma na skrubu, ambazo ninazo mpaka leo. Msimu ule majirani walinilimia. Yule mzee alikuja wodini, akashika vidole vyangu kimoja kimoja. Akasema, "Viko moto," akafuta macho.

Jirani yetu alizikwa siku ileile, katika kaburi lile lile. Lakini mwaka mzima mtoto akikohoa katika boma lile, watu walikuwa wanamtazama mama yule. Alijua wanamtazama. Hakuwahi kuniambia, niliambiwa na wengine, na iliniuma kuliko mguu.

Asante daktari, asante nesi, asante fundi, asante nyinyi mlionilimia. Na mama, uko hapa na umejifunika leso, sitakutaja. Mtoto aliyekuwa tumboni alikua akakimbilia shule, na mimi nilikuwa namkimbiza akichelewa, kwa mguu huu.

Chama chetu ni cha kuzikana, kwa hivyo neno langu ni hili. Siku moja mtanichimbia mimi. Mmoja wenu akiteleza humo ndani, msitafute kondoo, msitafute mzee. Mtoeni, mchukueni na gari la kunibeba mimi, mumpeleke. Mimi nitangoja.