Kioo cha Taa na Jiwe la Vyungu

Felista alimpakata mwanawe katika mtumbwi wa abiria uendao Lyulilo, kando ya ziwa, akajifanya anatazama maji. Kumbe masikio yalikuwa kwa Asegelile, mfinyanzi aliyekumbatia taa ya mwanawe mvuvi. Juzi kijana huyo aliponea chupuchupu kugongwa na mtumbwi mwingine gizani, kwa kuwa kioo cha taa hiyo kilijaa masizi.

“Nimekisugua kwa jiwe langu la kung'arishia vyungu,” alimwambia Raphaeli, abiria aliyewahi kutunza taa za Wadachi, yaani Wajerumani.

“Ndiyo maana kimekuwa kama uji, mama. Kioo hufutwa kwa jivu laini.”

“Jivu ndio uchafu wenyewe, baba. Kwenye vyungu vyangu unajitazama uso.”

“Basi mwanao awashe utambi ndani ya chungu.”

Felista alicheka hata mtoto akaamka. Asegelile hakucheka.

“Usiku huu mwanangu anatoka tena kuvua,” alisema.

Raphaeli akaipokea taa, akakipulizia kioo pumzi. “Mikwaruzo haitoki. Masizi yatatoka.”

“Ukikivunja, utakaa wewe mbele ya mtumbwi wake ukipiga kelele badala ya taa.”

Mtumbwi ukagota mchangani. Wakashuka pamoja kuelekea jiko la kwanza lililofuka moshi, Asegelile akiapa kwamba jivu hilo atalichekecha yeye mwenyewe.