Mama Kufuli wa Vyumba Viwili

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga.

Alianza shule mwaka 1968. Asubuhi moja mwalimu wa zamu aliwaita kwa majina, mbele ya paredi nzima, wanafunzi wenye choa. Marehemu alitoka kwenye mstari wake akajipanga nao.

"Wewe huna choa. Unatafuta nini hapa?"

"Nachanganya mstari, mwalimu, asijulikane mwenye choa ni nani."

Nusu ya darasa ikamfuata. Alichapwa, na wiki iliyofuata akawa na choa kweli. Hakujuta.

Alisomea takwimu chuo kikuu, akaajiriwa serikalini mwaka 1985. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kumbukumbu za idara mbalimbali ili watafiti waone kile ambacho idara moja peke yake isingekiona. Alianzisha utaratibu wa vyumba viwili: chumba cha kwanza kiliona majina bila magonjwa, cha pili magonjwa bila majina. Hakuna aliyeshika funguo zote mbili, hata yeye. Hivyo kumbukumbu za uzazi zilipokutana na za ajira, ikadhihirika kwamba akina mama wa kiwanda cha betri walikuwa wakizaa watoto wepesi kupita kiasi. Mkuu wa idara akataka majina yao.

"Nataka kuwasaidia tu, dada."

"Basi safisha hewa ya kiwanda, bosi. Hewa haiulizi majina."

Alihamishiwa stoo kwa miaka miwili. Ripoti ilitoka bila jina hata moja, na kiwanda kikasafishwa. Wapo pia waliotaka kumbukumbu zote zichomwe, siri zisije zikavuja. Hao nao hakuwabembeleza: "Chomeni, watoto wazidi kuumia, na sababu ndiyo iwe siri."

Mwaka 1988 aliolewa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. "Nimeoa kufuli," mumewe aliwatania wateja, "na ufunguo kauficha mwenyewe." Walijaliwa watoto wawili.

Aliugua mwaka jana. Mdogo wa mumewe alimwinamia kitandani, akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, watu wanauliza sana unaumwa nini. Siku hiyo tuseme nini?"

"Semeni nimekufa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba kalamu, akatia saini ili kumbukumbu za matibabu yake zipelekwe chumba cha pili, zikawafae wagonjwa watakaokuja. "Ugonjwa wangu nimewapa watafiti," alisema. "Jina langu nimewaachia ninyi. Msiviunganishe."

Alifariki tarehe 17 Juni mwaka huu, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo ugonjwa hautasomwa hapa, na aliyekuja kuusikia amechosha miguu bure. Marehemu hakuuficha kwa sababu ya aibu. Ni amri yake, nasi tunaitii tukiwa tumesimama wima.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada zake wawili, na watoto waliozaliwa na uzito wao kamili, ambao hatuwajui kwa majina na hatutauliza.

Pumzika kwa amani, Mama Kufuli. Funguo tumegawana.