Mnara Anashuka: Miaka Thelathini na Minane ya Kutazama Moshi

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuulinda mlima huu usiungue, mlinzi wetu wa mnara wa moto anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wote katika kituo cha msitu mnamwita Mnara, kwa sababu kila akiitwa kwenye simu ya upepo hujibu, "Mnara hapa." Jina lake la kuzaliwa nalijua mimi niliyempa, lakini siku hizi hata mimi humwita Mnara, maana nikimwita lile jingine haitiki.

Ofisi imeniomba niandike mimi kwa kuwa nilikuwa mpishi wa kambi hii mpaka magoti yalipokataa, na kwa kuwa ndimi niliyemzaa. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Binti yangu si mgema, kwa hiyo nitamsifu mpaka nitosheke, na atakayeona nimezidisha naye amzae wake.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, ukimwona ungedhani upepo wa kule juu utamchukua. Kabla yake mnara ulishikwa na wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote waliukimbia kwa upweke. Watu wakasema huyu hatamaliza mwezi. Haya, waliosema hayo wako wapi leo?

Kweli, wiki yake ya kwanza alitutia aibu. Aliona moshi unapanda karibu na kambi, akapiga simu kwa sauti ya kuamsha wafu, na gari la maji likaja mbio. Dereva hakuuliza swali. Alifungua mpira akazima jiko langu pamoja na sufuria ya maharage ya kambi nzima. Mchana ule watu walikula mikate mikavu, nami nikapanda ngazi za mnara, mwiko mkononi. Nilipofika juu pumzi zilikuwa zimekwisha, na hasira nayo ilikuwa imeishia njiani. Nikamkuta analia.

Tukakubaliana. Kabla sijawasha moto nitatundika gunia jeupe la unga juu ya paa la jiko. Akiona moshi na gunia, ni chakula. Akiona moshi bila gunia, aite gari. Hakuna mkubwa aliyetuagiza, ni mimi na mwanangu tu, na mpishi aliyenirithi anatundika mpaka leo.

Kule juu hakuwa na mwenzake ila ndege, akajifunza kuwasoma. Mwewe wakikusanyika na kuzunguka mahali pamoja, ni nyasi zinaungua, nao wanawavizia panzi wanaokimbia moto. Njiwa wakipita kundi zima bila kutua, ni msitu wenyewe. Mkuu wa kituo alizoea kumwita kila asubuhi kabla hata ya salamu, "Mnara, ndege wanasemaje?" Na mara nyingi gari la maji liliondoka kabla mtu mwingine yeyote hajaona moshi. Nani mwingine ana mtoto kama huyo? Nauliza tu.

Ndege aliyempenda kuliko wote alikuwa hondohondo jike, aliyekaa kwenye mti mkubwa wa bondeni, mbele ya mnara. Hondohondo wana desturi yao. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani hunyonyoka manyoya ya mabawa, hata ukimfungulia hawezi kuruka. Dume ndiye humlisha, tunda moja moja, mpaka watoto wakue. Binti yangu alimwita yule jike "mdogo wangu," basi dume akawa Shemeji wa kambi nzima.

Wanawake wa jikoni walipata fimbo ya kuwachapia wanaume. "Mtazameni Shemeji," walisema. "Kutwa yuko njiani na hanuni. Nyie mkitumwa chumvi tu mnaumwa mgongo." Dereva wa gari la maji akajibu kwamba hata yeye angekuwa na bidii kama mkewe angekubali kuzibwa abakiziwe ufa. Jioni ile dereva alijipikia mwenyewe.

Halafu kikaja kiangazi kilichopita. Sehemu hii mkono wangu hautaki kuiandika, lakini wasifu wa Mnara bila moto ule ungekuwa uongo.

Moto ulianzia nyuma ya mlima, ukavuka kilele ukisukumwa na upepo. Siku ya pili anga lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jua lilitazamika kwa macho, jekundu, kama kiini cha yai. Ndege walipita mnarani kama watu waliotimuliwa sokoni, wakubwa kwa wadogo. Kisha waliochoka wakaanza kutua kwenye ukingo wa mnara, njiwa, mbayuwayu na mwewe, bega kwa bega, na mwewe hakumgusa mtu. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa.

Chini ya bonde lile kuna nyumba zetu, na yangu ni ya kwanza ukitoka msituni. Njia iliyobaki ya kuuzuia moto ilikuwa kuwasha mwingine mbele yake, uteketeze msitu mapema, ili ule mkubwa ukifika ukose cha kula. Walioko chini waliona moshi mtupu. Mnara peke yake ndiye aliyeona upepo unageukia wapi. Wakiwasha upande wa juu wa mti wa hondohondo, ambamo jike alikuwa amezibwa wakati huo, mti ungeweza kupona, lakini moto ungeweza kuwaponyoka na kutufikia sisi. Wakiwasha upande wa chini wa mti, nyumba zingepona, na bonde lote lingeungua.

Gari la maji lilikuwa mlangoni kwangu, kwa hiyo nilisikia yote kwenye simu ya dereva. Mkuu wa kituo aliita, "Mnara, tuwashe wapi?" Akaita tena, "Mnara, unanisikia? Juu ya mti au chini ya mti?" Nilimsikia mwanangu anapumua. Pumzi zile nazijua tangu akiwa mgongoni kwangu.

"Mnara hapa," akasema. "Washeni chini ya mti."

Dereva alivua kofia.

Hakuna nyumba iliyoungua, hakuna mtu aliyekufa. Wakubwa walikuja wakampa cheti na makofi, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Yeye alikuwa anatazama bondeni.

Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta matunda moto ulipowashwa. Moshi ulipopungua, alirudi, koo limejaa. Alitua kwenye gogo jeusi, akalitoa tunda, akalisogeza palipokuwa na ufa, akangoja. Akalimeza tena. Akazunguka upande wa pili, akajaribu huko. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, siku baada ya siku. Mimi nilisimama chini ya ngazi nikimwita binti yangu ashuke ale, hakushuka. Siku ambayo ndege yule hakuja tena, ndipo aliposhuka. Aliniambia maneno machache tu: "Mama, alikuwa anagonga."

Nimesikia wengine wakinong'ona kwamba anakataa kuongezewa muda kwa sababu macho yamechoka. Macho yake ni mazima kuliko ya wanaonong'ona. Mkuu wa kituo alimwomba abaki miaka miwili zaidi, akamshukuru kwa heshima zote, akasema hapana. Mimi ni mmoja wa watu aliowachagua siku ile, na nyumba aliyoichagua ndimo ninamoandikia maneno haya. Sina la kumlipa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu wa mwanangu huu siujui wote, naukaribia tu.

Tunawashukuru wenzake wote kwa miaka mliyokaa naye. Dereva, maharage yangu nimekusamehe. Mkuu wa kituo, asante kwa kumuuliza kila asubuhi ndege wanasemaje. Naomba asubuhi ya kwanza atakapokuwa nyumbani, usimpigie kumuuliza.

Nawe Mnara, mwanangu, uzee wako uwe wa kupumzika. Mwezi uliopita ulipokuja likizo, niliwasha jiko asubuhi, ukatoka mbio bila viatu, mkono unapapasa begani kutafuta simu isiyokuwepo. Kosa lilikuwa langu, nilisahau makubaliano yetu. Sasa nimelitafuta lile gunia letu la zamani, nimelifua, na nimemwomba jirani asimamishe mlingoti mrefu juu ya paa, kwa kuwa magoti yangu hayapandi tena. Kamba imeshuka mpaka mlangoni, naivuta mwenyewe.

Kwa hiyo ukiona moshi nyumbani kwetu, tazama kwanza juu. Gunia likiwepo, ni mama yako anapika. Kaa, mwanangu. Kaa tu.