Sensa Ndogo ya Mzee Aniceti

Wapendwa waombolezaji, wakubwa shikamooni, familia imetutuma tuwasomee safari ya mzee wetu, nasi tutakwenda polepole, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kufanya jambo kwa haraka, isipokuwa kula viazi vya moto.

Mzee Aniceti Damasi Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Dareda, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na maharage, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaenda Arusha kujifunza kupiga picha, na mwaka 1982 akafungua studio yake hapa Maisaka, enzi zile za mkanda, jamani, mtu unachana nywele, unasubiri wiki nzima, unakuta umefumba macho, unacheka tu.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Skolastika Bura, ndiye Mama Felix wetu, wakajaliwa watoto wawili, Felix na Marietha.

Tarehe 1 Septemba 2012 Marietha aliolewa, na marehemu, king'ang'anizi yule, alikataa katakata mpiga picha mwingine, akaiacha nyumbani kamera yake kubwa, akaja na ndogo mpya iliyoandikwa zumu mara arobaini, akijisifu kwamba atakaa benchi la baba wa bibi harusi na bado atavuta nyuso za altareni. Zumu ilivuta kweli, lakini sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ilikuwa ndogo mno kwa kanisa lenye kiza, picha zote zikatoka chenga tupu, na uso wa Mama Felix ukawa kama uji wa ulezi.

Mama Felix alifariki tarehe 9 Januari 2013, na picha nyingine ya siku ile haikuwepo. Marietha alipomuuliza baba yake kwa nini picha ziliharibika, mzee alijibu kwa uchungu kwamba kosa lilikuwa sensa ndogo, na kwa kuwa redioni ndiyo kwanza yalikuwa yanatangazwa matokeo ya sensa ya watu, binti akadhani anataniwa juu ya kaburi bichi la mama yake, akaondoka kurudi kwa mumewe Sigino, na Sigino si mbali, lakini kwa miaka kumi na miwili hakukanyaga tena hapa, wala baba, kwa ukaidi wake, hakueleza mara ya pili. Iliuma, tusifichane.

Tarehe 2 Februari 2025 marehemu alipata kiharusi, Marietha akaja, na mzee, ulimi ukiwa mzito, akamwekea kiganjani kipande alichokuwa amekichomoa kwenye ile kamera ndogo ya harusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Marietha akapiga ukelele, kumbe ndiyo sensa yenyewe, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akachukua ile kamera kubwa, yenye lenzi isiyovuta kabisa, ikambidi asogee hatua kwa hatua mpaka magoti yakagusa kitanda, na picha aliyopiga ndiyo hii iliyopo juu ya jeneza.

Mzee alituacha tarehe 11 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Maisaka mliotupikia na kukesha nasi, na wapiga picha wenzake wa mjini mliofunga studio zenu leo kwa heshima yake.

Baba, pumzika kwa amani, mwanao amesogea.