Mama Mizani na Kiti cha Pole

Mgeni alifika asubuhi, bila taarifa, amebeba ubao kwapani na gundi mkononi. Alikatiza ukumbi wa uwanja wa ndege kama mtu aliyechelewa kazini. Akaenda moja kwa moja kwenye kaunta iliyokaa miaka mingi bila mtu, akaifuta vumbi kwa kiwiko cha shati lake, akaanza kubandika jina la shirika jipya la ndege.

Mwanamke wa kaunta ya jirani alimtazama tu. Akamwacha amalize. Kisha akamwambia, "Jirani, umelibandika upande. Abiria wako watasafiri wamepinda shingo."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Mwanamke huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Wenzake kazini walimwita Mama Mizani, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyapitisha nyuma ya mizani ya mizigo, kwenye kaunta ya shirika kongwe la ndege. Alifariki dunia wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, narudia: tunamkumbuka Mama Mizani, mhudumu wa kaunta ya safari fupi.

Safari fupi ni ile ya kwenda mji wa pili, ng'ambo ya milima. Kwa basi ni usiku kucha. Kwa ndege, hujamaliza chai, mnatua.

Na chai ilikuwepo. Zamani nauli ya shirika kongwe ilibeba kila kitu ndani yake: begi lako, chai, biskuti, gazeti, na kuitwa bwana au bibi. Nauli yenyewe ilikuwa kali. Basi ndege iliruka na viti vingi vitupu. Waliopanda walikuwa wakubwa wa maofisi, wafanyabiashara, na watu wa aina ya tatu. Hao wa tatu hawakuwa na tiketi wala mpango. Walifika wamevaa ndara, macho mekundu, simu bado iko mkononi. Wameambiwa kuna mgonjwa mahututi mji wa pili, au wameambiwa neno baya zaidi.

Kwa ajili ya hao, watu wa kaunta walikuwa na desturi yao. Kiti cha mwisho kabisa, kule mkiani karibu na choo, hakikugawiwa mtu mpaka mlango wa ndege unakaribia kufungwa. Walikiita kiti cha pole. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Mama Mizani aliipokea kwa mkuu wake wa kwanza, naye akawafundisha waliokuja baada yake. Mumewe, ambaye ni fundi majokofu, alituambia hivi: "Kuna mtu mkubwa aliwahi kugomba, anataka kiti kile aweke koti lake. Mke wangu akamwambia, koti lako silijui, bwana, lakini mwenye kiti yuko njiani. Hata yeye hakumjua huyo mwenye kiti. Alijua tu kwamba atakuja."

Turudi kwa yule mgeni mwenye gundi. Shirika lake liliuza kiti peke yake. Ukiwa na begi, unalipia. Ukitaka chai, unalipia. Ukitaka kukaa na mkeo, mlipie mkae pamoja. Lakini nauli yenyewe ilikuwa ndogo mno, na watu waliipenda. Haikupita wiki, uwanja mzima ukawa unamwita Bei Chee.

Bei Chee alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, aliyewahi kukata tiketi za mabasi. Aliita abiria kwa sauti ileile ya stendi.

"Jirani," Mama Mizani alimwambia, "hapa si stendi. Ndege haiondoki kwa kuitiwa watu."

"Dada yangu, na yako ikiondoka tupu? Si afadhali mimi niliyeita?"

Mama Mizani alihamisha mhuri wake toka kulia kwenda kushoto, akaurudisha kulia.

Kilichowapatanisha ni kosa. Siku za mwanzo Bei Chee hakuwa na mizani, akawa anaazima ya jirani. Abiria wake mmoja akapandisha sanduku juu ya mizani. Mama Mizani, kwa mkono wa mazoea, akalipima, akalifunga kibandiko cha shirika lake, akalisukuma kwenye mkanda. Sanduku la abiria wa Bei Chee likapanda ndege ya shirika kongwe. Lilifika mji wa pili kabla ya mwenyewe.

Bei Chee hakukasirika. Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Hebu niambie, jirani. Begi limepewa chai?"

"Limepewa na gazeti," akajibu Mama Mizani. "Sasa litakataa kurudi kwako."

Tangu siku ile waliitana jirani kwa moyo mmoja. Lakini kazi ilibaki kazi, na kazi ya Mama Mizani ilikuwa inakufa. Abiria walihamia kaunta ya Bei Chee. Walimsalimia wakipita, wameinamisha macho kidogo, kama mtu aliyehama duka la mtaani kwake. Ndege ya shirika kongwe ikawa inaruka na mikanda mingi imefungwa juu ya viti vitupu.

Meneja akaja kutoka makao makuu. Aliketi na wafanyakazi kwenye chumba chao cha mapumziko, chenye kabati la makoti na birika lililopasuka mpini. Hakuzungusha maneno. "Tukishusha nauli tunakula hasara," alisema. "Tusiposhusha, tunakula vumbi. Mwisho wa mwaka safari hii itafungwa." Akauliza kila mtu maoni yake. Karibu wote walisema nauli ishuke. Mama Mizani naye alisema ishuke, ila akaomba begi lisiguswe. Mtu asafiri na begi lake bila kuulizwa.

Nauli ikashuka. Hili ndilo jambo kubwa katika habari yetu, wasikilizaji wapendwa, nami narudia. Shirika kongwe lilishusha nauli ya safari fupi mpaka ikalingana na ya Bei Chee. Chai ikaondolewa, gazeti likaondolewa. Begi likabaki.

Ukumbi ukafurika. Walikuja watu ambao zamani ndege waliitazama kutoka chini. Alikuja mshonaji anayekwenda kununua vitambaa asubuhi na kurudi jioni. Walikuja wanafunzi waliovaa makoti matatu ili begi liwe jepesi, wakaambiwa vueni, begi ni bure. Walikuja bwana na bibi wazee waliogombania dirisha, na wote wawili wakasinzia kabla ndege haijaruka. Safari haikufungwa tena. "Alirudi nyumbani sauti imemkauka," alisema mumewe, "lakini anacheka peke yake jikoni. Nikamwuliza, una nini? Akasema, watu wanapanda."

Hivyo nauli ya chini iliwafungulia watu mlango. Hilo ni kweli, na Mama Mizani hakulikana mpaka mwisho wake. Ila ulikuwapo mlango mwingine, mdogo, nao ulijifunga bila mtu kuona.

Kiti cha pole kiliuzwa. Hakukiuza mtu kwa ubaya. Viti vyote viliuzwa na kompyuta za makao makuu, kimoja baada ya kingine, hadi cha mkiani. Agizo lilikuwa moja: ndege isiruke na kiti kitupu.

Kisha akaja mwanamke mmoja, mpishi wa shule, bado amevaa aproni. Kaka yake alikuwa mahututi mji wa pili. Mama Mizani akatazama kompyuta. Ndege imejaa. Akamtazama Bei Chee. Bei Chee akatikisa kichwa. Mpishi yule hakulia wala hakubishana. Alikaa kwenye benchi mkabala na kaunta, mikono mapajani, mpaka wafagiaji walipofika miguuni pake wakamwomba ainue viatu. Habari za kaka yake zilimfikia akiwa palepale.

Jioni hiyo Mama Mizani alimwambia mumewe maneno ambayo mzee wa watu anayakumbuka mpaka leo. "Tulikuwa tunaruka na viti vitupu, tukalia hasara. Leo hasara hakuna. Na yule dada nimemwacha chini."

Kesho yake akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alitoka nyuma ya kaunta yake, akazunguka, akaenda kusimama mbele ya kaunta ya jirani kama abiria.

"Jirani, tusikilizane. Akija mtu wa pole, wako au wangu, mwenye nafasi ampandishe. Wa nani, tusiulizane. Na alipe nauli ya chini kabisa ya siku hiyo."

"Wakubwa wakijua?"

"Watajua. Tutawaeleza."

Bei Chee akafikiri. "Na tukijaa wote wawili? Maana siku hizi ndiyo kawaida."

"Tukijaa, tutembee kwenye foleni. Tuulize mmojammoja, nani yuko tayari kwenda kesho. Mimi sitamwambia mtu wa pole hakuna kiti huku nakiona kiti."

"Unaahidi, jirani?"

"Naahidi. Na wewe uahidi kuacha kupiga kelele."

"Hilo siahidi."

Walitembea kwenye foleni, wasikilizaji wapendwa, siku nyingi. Mara nyingi alipatikana mtu. Mwanafunzi alisema, mimi naweza kesho. Mfanyabiashara alinung'unika, akatazama saa, kisha akasema haya. Wakubwa walijua kweli. Kwanza walitoa onyo, baadaye wakanyamaza. Bei Chee anasema watu ni wema kuliko tunavyowadhania, ila sharti uwaulize wakiwa wamesimama mbele ya mwenye shida, wamwone uso.

Kwa niaba yenu nyote, tunampa pole mumewe, fundi aliyezoea kumwachia taa ya ukumbini ikiwaka. Tunampa pole binti yao wa pekee, aliyesafiri kutoka mji wa pili kuja kumzika mama yake. Tunampa pole mjukuu, na wote waliofanya kazi na Mama Mizani kaunta. Na Bei Chee, aliyebeba jeneza upande wa kulia bila kuombwa na mtu, naye tunampa pole.

Ombi letu kwenu ni dogo. Nauli ikishuka, furahini na msafiri. Ni haki yenu, na Mama Mizani angekuwa wa kwanza kuwapimia mabegi. Lakini mkishakaa na kufunga mkanda, mtazameni mtu aliyebaki upande wa pili wa kioo. Mjiulize ni nani, na kama kuna aliyemwuliza shida yake. Sisi tunaamini watu wanaweza kuuza vitu kwa bei nafuu bila kusahauliana. Tumeliona likifanyika kati ya kaunta mbili.

Nimalizie kwa siku moja, kwa sababu familia imeturuhusu kuisimulia.

Binti yake alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, huko mji wa pili, na hali yake haikuwa nzuri. Madaktari walipanga kumfanyia upasuaji asubuhi. Alikuwa na hofu. Alimpigia mama yake simu akasema, "Mama, niamke nikuone wewe kwanza." Mama akasema atakuja. Zamani, kama mfanyakazi, angepanda bure, kwenye kiti chochote kitupu. Sasa viti vitupu havikuwepo. Alinunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, ya ndege ya mwisho ya siku. Alivaa gauni lake la kijani, begi lake likapimwa na mwenzake, akasimama kwenye foleni ya kuingilia.

Alasiri hiyo ndege ya Bei Chee ilipata hitilafu, haikuruka. Abiria wake wengi walikubali kulala. Mmoja hakuweza. Alikuwa fundi mwashi, saruji imekaukia kwenye viatu vyake. Mtoto wake alikuwa amegongwa na gari mji wa pili, yuko hospitali. Bei Chee akamleta kwenye kaunta ya jirani. Mwenzake Mama Mizani akasema imejaa. Wakatembea kwenye foleni, wakauliza mmojammoja. Ilikuwa ndege ya mwisho, na kila mtu alikuwa na lake. Hakuna aliyejitoa.

"Nilimwona amesimama pale na gauni la kijani," Bei Chee alituambia. "Nilijua anakokwenda. Nikageuza uso. Sikutaka kumwuliza. Naapa sikumwuliza."

Mama Mizani alitoka kwenye foleni mwenyewe.

"Jirani, huyo ni mtu wa pole?"

"Ni wa pole. Lakini wewe leo ni abiria. Rudi kwenye foleni yako."

"Kiti nakiona," alisema. Akaweka pasi yake ya kupandia ndege juu ya kaunta. "Badilisheni jina, na mnitolee begi langu."

Alipanda basi la usiku. Lilipofika mji wa pili jua lilikuwa limeshapanda, na mtoto alikuwa ameshazaliwa. Aliyempokea mtoto mikononi alikuwa muuguzi wa zamu. Binti yake aliamka, akatazama kiti cha kando ya kitanda, akakikuta kitupu.

"Alipoingia nilimkasirikia," binti alituambia. "Alinieleza yote, bila kujitetea. Nikamwuliza, hata mimi uliniacha, mama? Akasema, hata wewe, mwanangu. Halafu akaenda kunawa mikono, akarudi, akamchukua mtoto."